Waache Waone

Kamati za harusi zina mambo, lakini hii ya Lina ilizidi. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na watu wengine kumi ambao kazi yao ilikuwa kusema "naunga mkono hoja" huku wanatafuna sambusa. Ilikutana kila Jumamosi mchana nyumbani kwa mwenyekiti, Benedicta, ghorofa ya tano pale Husby, Stockholm, na viatu vilijaa mlangoni mpaka mgeni wa mwisho akaingia kwa kuruka.

Jumamosi hiyo, wiki saba kabla ya harusi, katibu Eliakim alikohoa na kusoma ajenda namba tatu: sare ya akina mama.

"Hiyo imekwisha," Benedicta akasema kabla hajamaliza. "Nimeshaiona kwenye ukurasa wa lile duka la vitenge la Vårby gård. Jamani, kina ndege! Manjano, ndege wa buluu, kinawaka huko! Mama Lina, hili tuachie sisi. Wewe pumzika tu, sisi ndio macho yako."

Watu wakacheka kwa upendo. Na hilo ndilo lililouma. Wangecheka kwa dharau angejua la kuwajibu.

Mama Lina ni Domina. Alifika Stockholm kutoka Tanzania binti wa miaka ishirini na mbili kusomea uuguzi, akafanya kazi miaka ishirini na sita katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, mpaka presha ya macho ilipoanza kumnyang'anya nuru kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza. Sasa ni mwaka wa sita haoni hata kivuli. Anapika, anapanda treni peke yake, anakujua kwa hatua zako kabla hujamsalimia. Na lipo jambo moja ambalo kila mwanamke katika chumba kile alilijua vizuri: mama wa bibi harusi ndiye anayechagua sare ya akina mama. Benedicta mwenyewe alipoozesha mwanawe alikataa vitambaa kumi na kimoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

"Ajenda haijafungwa," Domina akasema. "Sare ya harusi ya mwanangu nitaichagua mimi."

Vikombe vikatua mezani.

"Sawa, mpenzi, lakini utachaguaje?" Benedicta akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ile sauti ambayo watu huitumia wodini.

"Nitajua mwenyewe. Nipeni mpaka Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo wakwe wanakuja hapa hapa. Mama Akili na mashangazi wawili wa bwana harusi, wanakuja kuonyeshwa sare. Ukifika huna jibu, tunawaonyesha ndege. Sina ubaya, Mama Lina, muda ndio hauna huruma."

"Andika hivyo, katibu," Domina akasema, na Eliakim akaandika.

Njia nzima ya kurudi Flemingsberg alikaa ndani ya treni amekunja fimbo yake nyeupe mapajani. Alikuwa na hasira, nisikufiche. Alijiona siku ya harusi amevishwa nguo waliyoichagua wengine, amekalishwa mbele kama mgeni wa heshima kwenye shughuli ya mwanawe mwenyewe. Afadhali asiende na sare kabisa.

Alipofika nyumbani hakuvua hata koti. Akakaa jikoni, akafungua ukurasa wa lile duka kwenye simu.

Simu ya Domina inaongea. Anapitisha kidole kwenye kioo, nayo inamsomea kila kilichopo, haraka haraka, kwa sauti ya kike isiyo na haya. Yeye huiita Karani. Sasa, nyuma ya kila picha ya mtandaoni kuna mahali pa kuandika maneno machache. Mwenye macho hayaoni, lakini Karani huyasoma, na Google nayo huyapitia ili ijue picha hiyo ni ya nini, mtu akitafuta imletee. Huitwa maelezo ya picha. Si kazi ngumu. Mistari miwili tu. Yasipoandikwa, Karani husoma jina la faili lilivyo.

"Picha," Karani akasema. "Ai-em-ji nne nne saba moja. Picha. Ai-em-ji nne nne saba mbili. Picha. Kitenge. Kitenge Stockholm. Kitenge bei poa. Vitenge vya harusi. Kitenge orijino. Kitenge Uppsala. Kitenge kitenge. Picha. Kitenge. Kitenge Stockholm. Kitenge bei poa..."

"Ala!" Domina akafoka. "Mnaniuzia au mnanitukana?"

Lina, ambaye alikuwa amekuja kuchukua barua zake, akachungulia kioo. Huyu ni binti mzuri, mhandisi, ana adabu zake zote, ila mama akimsemesha Kiswahili yeye humjibu Kiswidi, tangu shule ya chekechea.

"Mwanangu, nisomee. Hicho chenye ndege kikoje?"

"*Gul*," Lina akasema. Manjano. Akafikiri. "*Fåglar. Den är fin, mamma.*" Ndege. Ni kizuri, mama.

"Fin! Na hicho cha pembeni?"

"*Också fin.*" Nacho kizuri.

"Kila kitu kizuri! Hivi mimi wodini ningemwambia daktari kidonda ni kizuri, angenielewa?"

Lina akambusu shavuni na kuondoka. Domina akabaki na Karani wake. Akajaribu picha arobaini, na zote arobaini zilisema kitenge kitenge. Mwisho wa ukurasa palikuwa na namba ya simu. Akaipiga.

"Allo, bonjour," akajibu mwanamke mwenye sauti pana, sauti iliyozoea kuita watu kutoka mbali. "Kwa Kahindo hapa, bikwembe ya kila namna, karibu mama."

Mama Kahindo alikuwa Mkongo wa Butembo, na kwao kitenge ni kikwembe. Domina akajitambulisha, kisha akampa vipande vyake: kwamba yeye haoni, kwamba ni mama wa bibi harusi, kwamba amesikiliza dukani kwake neno kitenge mara mia tatu na bado hajui hata kama kuna chekundu.

"Ee mama, pole. Ni mutoto wangu Fidèle alinitengenezea. Alisema tuweke maneno mingi, mingi, Google inapenda vile."

"Na hiyo Google imekuletea wateja wangapi?"

"Watatu," Mama Kahindo akasema. "Moja alikuwa anatafuta mapazia."

Domina akacheka mpaka hasira ikamtoka. Mwenziwe naye akacheka. Wakapatana Jumanne.

Jumanne saa nne asubuhi Domina alishuka kituo cha Vårby gård, na Mama Kahindo alikuwa anamsubiri pale juu ya ngazi kwenye baridi, akamshika mkono kana kwamba wanajuana tangu utoto. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wanga na rangi mpya. Akamwekea kitambaa cha kwanza mapajani.

Domina akakipapasa. Kizito, kimekaza, kazi nzuri. Lakini kitenge ni kitenge, uso wake wote ni laini, ndege na samaki wote ni mamoja chini ya vidole.

"Niambie kikoje," akasema.

"Ni kizuri sana, mama. Mungu ni shahidi."

"Dada Kahindo, nikwambie kitu. Mimi nilikuwa muuguzi. Usiku napiga simu kwa daktari yuko nyumbani kwake, hakioni kidonda, na lazima aamue. Nikisema ni kibaya, haoni kitu. Nikisema ni kikubwa kama sarafu, kingo nyekundu, katikati kijivu, kinatoa maji, tayari amekiona. Unaanza na kikubwa, unafuata rangi, unamalizia na kinachohitaji kujulikana. Basi. Hebu sahau Google. Uko sokoni Butembo, mimi niko ng'ambo ya barabara, kitambaa umekikunja, na nina haraka. Niuzie."

Mama Kahindo akavuta pumzi. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mwanamke yule alikuwa ameuza vitambaa miaka kumi na tisa kabla vita haijamtoa kwao, na kipaji kilikuwa mdomoni mwake kinasubiri kuulizwa.

"Cha bahari ya usiku, bleu nzito. Feni kubwa kama sahani, nyeupe, zinazunguka. Hiki tunaita Tuliza Jasho."

"Mnakiita nini?"

"Tuliza Jasho. Si kila kikwembe kina jina, mama? Hawezi mwanamke kuja sokoni na kusema nipe cha buluu. Anataja jina. Na jina linasema kitu. Mwenye kuvaa anasema, mwenye kuona anasikia."

Domina akakaa wima. "Na majina haya, kwenye ukurasa mbona hayamo?"

"Fidèle alisema ni mambo ya zamani."

"Dada yangu, wanawake wa kwenu walioko Malmö, walioko Brussels, wakitafuta kitambaa wanaandika nini kwenye simu? Wanaandika kitenge orijino Uppsala?"

Mama Kahindo akapiga mapaja yake makofi. "Wanaandika jina! Yesu wangu, wanaandika jina!"

Siku hiyo hawakula mpaka saa tisa. Mama Kahindo aliandika kwa vidole viwili kwenye kompyuta, Domina anasikiliza na kukata. Alikuwa mkali. Usianze na "picha ya", Karani ameshasema ni picha, utatuchosha. Kitenge utataja mara moja, kila mtu anajua yuko duka la vitenge. Usiseme kinapendeza, nitaamua mwenyewe. Fupi, dada, anayesikiliza hawezi kuruka mstari kama wewe. Wakibishana juu ya rangi, Domina alikumbusha vitu: kijani cha parachichi au cha majani ya chai? Nyekundu ya nyanya au ya damu? Maana aliona kwa zaidi ya miaka hamsini, na rangi zote zilikuwa bado zimo kichwani mwake, hazijaenda popote. Kila Mama Kahindo alipolipata neno lenyewe, kitambaa kilisimama wazi mbele yake, na furaha aliyoipata hakuitegemea. Alikuwa anaona dukani. Miaka sita hakuwahi kuona dukani.

Alhamisi akarudi. Zilikuwa zimebaki picha ishirini. Walipofika ya tano Mama Kahindo akaanza kucheka kabla hajaandika.

"Hiki, mama! Manjano ya ndizi mbivu. Katikati tundu la ndege, mlango wazi. Ndege wawili wa bleu wanaruka nje, huyu kuume, huyu kushoto. Ni Ukitoka Natoka."

"Maana yake?"

"Bwana anatembea inje, analala huko na wengine. Bibi hapigi kelele. Anavaa hiki tu, anamwekea chakula. Bwana anajua: ukitoka, nami natoka. Pale kwetu kila mwanamke anakijua, hata mutoto."

Domina akayakumbuka maneno ya Benedicta. Manjano. Ndege wa buluu.

"Dada Kahindo, ukiona akina mama thelathini na wanne wamekivaa kanisani, kwenye harusi, upande wa bibi harusi?"

Mama Kahindo akakiweka kitambaa chini. "Hiyo harusi," akasema, "tungeizungumza mpaka wajukuu waoe."

Basi Domina akamwambia kila kitu: ndege wa Benedicta, kamati, wakwe. Na kwamba bwana harusi, Akili, ni mtoto wa Butembo. Mama Kahindo akashika kichwa. Kisha, akifuta machozi ya kicheko, akamshushia Domina kitambaa kingine kutoka rafu ya juu, akamweleza, akamwambia jina lake. Domina akamwomba arudie. Aliporudia mara ya pili Domina alikuwa ameshachagua.

Sasa, mimi sitamsafisha mtu. Ijumaa nzima Domina alifikiria kunyamaza. Si walisema wao ndio macho? Basi wawaonyeshe wakwe ndege wao, yeye akae pembeni anywe chai, amsikilize Mama Akili akimeza kicheko. Aliiona picha hiyo na ikampendeza sana. Lakini kicheko cha ukweni hakiishi, na atakayekibeba ni Lina. Na tena kulikuwa na jambo la Benedicta mwenyewe. Majira yale ya baridi Domina alipopoteza jicho la pili, alipokuwa hataki kuamka, nani alivuka mji mzima kila Jumatano kutoka Husby mpaka Flemingsberg kuja kumsuka nywele? Miezi mitano, bila kukosa hata moja. Mtu kama huyo unamwacha aaibike kwa sababu ya sentensi moja ya kijinga? Domina akaona aibu kwa kuwaza, akaenda kulala.

Jumamosi akafika Husby saa nane. Wakwe waliahidi saa tisa. Begi begani mwake lilikuwa na kitambaa kilichokunjwa. Benedicta akamkumbatia mlangoni, na Domina akasikia chakacha ya nguo mpya na harufu ya wanga.

"Una kipya."

"Utaambiwa!" Benedicta akacheka. "Ni ya kuwashangaza wakwe. Ingia, ingia, watu wameshafika."

Domina hakukaa. Aliweka simu katikati ya meza, kati ya sambusa na chupa ya chai.

"Kabla wageni hawajafika," akasema, "naomba kamati imsikilize karani wangu. Mwenyekiti anasema sare yake iko kwenye ukurasa wa duka. Na isomwe."

Akapitisha kidole. Karani, ambaye hana haya wala hajui mkubwa na mdogo, akasema kwa sauti kubwa: "Picha. Kitenge cha manjano ya ndizi mbivu. Tundu la ndege, mlango wazi. Ndege wawili wa buluu wanaruka nje, mmoja kulia, mmoja kushoto. Jina lake sokoni Kongo: Ukitoka Natoka. Mke humvalia mume anayelala nje."

Hakuna aliyetafuna.

"Rudia," akasema Eliakim. Karani akarudia.

"Lakini hakina maandishi!" Benedicta akapaza sauti. "Mimi nimekikagua chote, hakina neno hata moja! Kingekuwa na neno si ningesoma?"

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Sisi tumelelewa na kanga. Nguo ikiwa na la kusema, inaliandika pale chini kwa herufi kubwa, unasoma, unacheka au unanuna. Isipoandikwa kitu, basi ni maua tu. Nani angetuambia kwamba kwa jirani zetu nguo husema bila kuandika?

"Wenzetu husoma picha, Benedicta," Domina akasema. "Na Mama Akili ni wa Butembo."

Ndipo Eliakim, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa mahali pengine, akasema: "Mwenyekiti... si ndicho ulichovaa?"

Hilo Domina hakulijua. Wallahi hakulijua. Alisikia chumba kizima kikigeuka kumtazama Benedicta, na Benedicta akijitazama mwenyewe, mabegani, kiunoni, mpaka chini, ndege kila mahali. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Husby siku ile waliambiwa kumi na watatu kwa mpigo. Kisha mtu mmoja akapasuka kucheka, akafuata wa pili, na kengele ya mlango ikalia.

"Wamewahi!" Benedicta akapiga ukelele mdogo na kukimbilia chumbani.

Domina akamfuata, mkono ukutani. Alimkuta anapumua kama aliyepanda ngazi za ghorofa zote tano.

"Zipu imekwama. Mungu wangu, Mama Lina, imekwama!"

"Simama. Acha kuruka." Vidole vyake vikaipata zipu, vikapata uzi ulioingia katikati, vikauvuta taratibu. Vidole vile vilishatoa nyuzi mahali pagumu zaidi ya pale.

"Unanicheka."

"Nakucheka sana."

"Ungeninyamazia tu, niumbuke. Ningestahili." Benedicta akajipiga kofi mdomoni. "Mimi ndiye macho yako, mimi! Mdomo wangu huu, jamani."

"Nilifikiria kukunyamazia. Jana nzima." Zipu ikashuka. "Kisha nikakumbuka Jumatano zako. Haya vaa gauni lingine, wageni wamesimama."

Wakatoka pamoja. Benedicta sasa alikuwa na gauni lake la zamani la kanisani, amenyooka, ameshakuwa mwenyekiti tena. Mama Akili, Josiane kwa jina lake, alikuwa ameketi katikati ya mashangazi wawili. Salamu zikapita, pole za safari zikapita, chai ikamiminwa.

"Wakwe zetu," Benedicta akasema, "kuhusu sare ya akina mama, mimi sina neno. Mwenye shughuli ni mama wa bibi harusi. Mama Lina, tuonyeshe ulichotuchagulia."

Lilikuwa jambo dogo, sentensi moja, lakini kwa Domina lilitosha. Akasimama. Mkono wake ukaenda kwenye begi, ukasita, ukarudi. Hapana. Angewaonyesha kwa njia yake.

"Bado sijakifungua," akasema. "Nitawaambia kwanza. Ni kijani, kile cha majani ya chai asubuhi yakiwa na umande. Juu yake mahindi makubwa, kila moja kama urefu wa mkono, yamelala mshazari. Maganda yamefunuliwa nusu, punje zinaonekana, rangi ya chungwa. Kati ya hindi na hindi kuna vidoti vyeupe. Na kwenye pindo, mstari mmoja mwembamba mwekundu, wa damu, si wa nyanya."

Kikombe cha Mama Akili kikagonga sahani.

"Mama!" akasema Josiane, tayari amesimama. "Mama, umesema mahindi yamefunuliwa? Kijani? Ni Waache Waone! Yesu! Mama yangu alivaa hicho siku nilipomaliza shule! Shida nilikula peke yangu, furaha waache waone!"

Naye akapiga vigelegele kabla kitambaa hakijatoka kwenye begi. Mashangazi wakampokea. Domina akakichomoa, akakikung'uta mara moja hewani, na akina mama wa Husby, waliokuwa bado hawajaona kitu, wakapiga yowe la furaha, maana kilikuwa hivyo hivyo, hindi kwa hindi, mpaka ule mstari mwekundu. Mtu akasema "naunga mkono hoja" na safari hii hata yeye mwenyewe alikuwa analia. Josiane akavuka chumba, akamkumbatia Domina kwa nguvu, akamwambia sikioni kwamba alikuwa na hofu na ukwe huu wa Watanzania, na sasa hana tena.

Katika wiki zile zilizofuata mambo ya Vårby gård yalibadilika. Mama Kahindo alipiga simu kila siku mbili kusimulia: mwanamke wa Malmö ameandika Tuliza Jasho kwenye simu yake, na duka la kwanza kutokea ni la Kahindo. Mwingine wa Brussels. Mwingine wa Oslo, anataka sare ya msiba, na naye haoni, na alilia kwenye simu kwa kusomewa kitambaa kama binadamu. Hakuna tena mtu wa mapazia. Fidèle alikiri kushindwa, akaomba afundishwe, na Domina akamwambia kwa simu, Lina akisikiliza pale jikoni, kwamba maelezo lazima yawe ya kweli.

Siku ya harusi theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Mbele ya kanisa Domina alisimama na mwanawe wakisubiri mlango ufunguliwe. Alisikia nguo nyingi mpya zikichakacha pande zote mbili, alisikia Benedicta akiwapanga watu kwa sauti ya mwenyekiti, lakini hakuuliza kitu. Alikuwa amejizuia tangu asubuhi. Hakutaka kuambiwa *fin* siku ile.

Lina akamshika mkono.

"Mama," akasema, na akaendelea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetembea juu ya barafu. "Akina mama thelathini na wanne. Wamesimama mistari miwili, kutoka mlango mpaka barabarani. Wote kijani, kijani cha majani ya chai. Nyuma yao theluji nyeupe, kwa hiyo kijani kinaonekana zaidi. Mahindi yanapanda kutoka miguuni mpaka mabegani. Mama Benedicta amefunga kilemba kirefu sana, kinaelekea kushoto, nadhani kitaanguka. Mama Akili yuko mbele, anacheza, hakuna muziki lakini anacheza. Watu wa ghorofa ya pili nyumba ya jirani wamefungua dirisha wanatazama."

Domina aliona. Aliviona vyote, theluji na kijani na dirisha.

"Na katikati," Lina akasema, "kuna mwanamke mfupi, ana sare ile ile, mstari mwekundu uko sawasawa. Amenyanyua kidevu. Analia."

"Silii."

"Unalia, mama. Maelezo lazima yawe ya kweli. Si ulisema mwenyewe?"

Domina akafuta uso kwa pindo la kitenge, akacheka kwa sauti, akakaza mkono wa mwanawe.

"Basi waache waone," akasema, na mlango ukafunguliwa, wakaingia.